Sampuli ya Mama Bura, Ng'ambo ya Ua

Nimestaafu, lakini miguu yangu haijapewa taarifa. Alfajiri inanitoa kitandani, inanizungusha uwani, inanifikisha getini na kunirudisha, kisha inauliza kazi iko wapi. Mume wangu ananiambia nikae nipumzike. Nikikaa naona sufuria ambayo haijasuguliwa sawasawa, nainuka. Kwa hiyo vijana wa kliniki waliponiomba niwaandikie machache kuhusu miaka yangu ya kazi, nilikubali haraka kuliko heshima inavyoruhusu. Msitafute humu habari za vyeo. Vyeo vilikuja vimechelewa, na mshahara siwezi kuusimulia bila kupandisha presha, nami dawa za presha ninazo za mwezi huu tu.

Ninyi mnanijua kama Mama Upendo wa kliniki ya akina mama. Wiki yangu ya mwisho kazini nilimwona Nesi Glory akimkabidhi mama mmoja kijiti chenye brashi laini ndani ya mrija wa plastiki. Akamwonyesha pazia. Yule mama akaingia, akajichukulia sampuli mwenyewe, akatoka anaongea na simu kuhusu bei ya vitunguu. Hakupanda kitandani, hakuinua miguu, hakufunika uso. Kipimo cha siku hizi kinatafuta kirusi chenyewe cha HPV, kile kinachosababisha saratani ya mlango wa kizazi, na kirusi hakijali mkono wa nani umeshika kijiti. Glory akaniuliza, "Mama, zamani mngeweza kitu kama hiki?" Nikamjibu, "Tuliweza," nikaondoka, maana foleni ilikuwa ndefu. Jibu refu ndilo hili.

Nilifika Babati mwanzoni mwa miaka ya themanini, natokea kwetu Same, nina cheti kipya cha uuguzi na ukunga na viatu vyeupe ambavyo mama yangu alivipata kwa kujuana na mtu. Manyara haikuwa mkoa bado; tulikuwa chini ya Arusha, na barabara ya kwenda huko ilikuwa ya vumbi kiangazi na ya matope masika. Niliteremka kwenye lori nikiwa na rangi ya udongo kuanzia kichwani, nikaulizia kituo cha afya, nikafika nimebeba sanduku. Mlangoni alisimama mwanamke mrefu, mwembamba, mwenye kitambaa cheupe kichwani, akinitazama kana kwamba nimechelewa.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Umekuja na sabuni?"

Huyo alikuwa Mama Yohani, mkunga mkuu, Mwiraqw kutoka nyanda za juu za Mbulu, Mlutheri wa kukaa benchi la mbele. Nilikuwa na mche mmoja wa sabuni. Aliukata nusu palepale kwa kisu cha jikoni, nusu moja akaipeleka wodini, nyingine akanirudishia, akasema karibu Babati. Nilimchukia hadi jioni. Baadaye nilimpenda kuliko walimu wangu wote, ingawa sabuni ile hakunirudishia kamwe.

Ninyi mliozaliwa baadaye mnasikia habari za miaka ile kama hadithi za wazee wanaopenda kulalamika. Sukari ilikuwa ya kupanga foleni, unga ulikuwa wa njano, mafuta ya taa yalikuwa ya bahati. Glovu moja tuliichemsha, tukaianika, tukaipaka poda, tukaivaa tena, na ikitoboka kidole tuliibandika kiraka tulichokikata kwenye glovu iliyokwisha kabisa. Tulikuwa mafundi viraka wenye vyeti vya uuguzi. Mimi, ambaye tangu utoto siwezi kusubiri uji upoe, nilipangiwa kazi katika nchi ambayo kila kitu kilikuwa cha kusubiriwa. Nililala vibaya. Nilitembea sana. Wagonjwa waliniita Nesi Mbiombio, wakidhani sijui.

Mwaka uliofuata alikuja daktari kutoka hospitali ya rufaa, akiwa na boksi la vijiti vya mbao na vioo vyembamba vya hadubini. Alitaka akina mama wanaotokwa na damu isiyo ya mpango wachukuliwe sampuli. Alitufundisha kwa siku moja, naye pia alikuwa na haraka, kwa hiyo tulielewana. Unamlaza mama, unapanua njia kwa chuma chenye midomo miwili kama ya bata, unautazama mlango wa kizazi, unaweka ncha ya kijiti pale kwenye tundu na kukizungusha duara zima bila kuchubua. Ule ute unaupaka kwenye kioo mara moja, tabaka jembamba, kisha kioo kinaingia kwenye spiriti kabla hakijakauka. Hapo ndipo penye kazi yote. Chembe za mwili zilizomo kwenye ute, mnazoziita seli, zikikaushwa na hewa zinavimba na kupoteza umbo, na mtu wa hadubini anabaki anatazama vumbi. Siku zile hatukutafuta kirusi, hatukujua hata kama kinahusika. Tulitafuta sura ya chembe, na sura huharibika upesi.

Vijiti vilipokwisha, seremala mmoja wa Bagara alituchongea vingine. Aliuliza ni vya nini. Mama Yohani akamwambia ni vya koo, na yule baba akavilainisha kwa msasa kwa moyo wote kwa ajili ya makoo ya watu wa Babati. Spiriti ilipokwisha, tatizo likawa kubwa zaidi. Mama Yohani, ambaye hakuwahi kuonja pombe maishani, aliniambia kwa sauti yake ya chini niende Bonga kwa mama fulani, ambaye jina lake silitaji hata leo, nikalete chupa ya gongo. Nilikwenda na kikapu, nikaifunika chupa kwa mchicha. Tulimimina kidogo kwenye kisosi, tukawasha kiberiti, ikawaka bluu safi. Tukafurahi kama wanakemia. Kumbe gongo inaweza kuwaka na bado ikawa na maji mengi mno kwa chembe za mwanamke, lakini hilo tulikuja kuambiwa baadaye.

Kipindi hicho ndipo alipokuja Mama Bura.

Alikuwa mkulima wa Sigino, umri wa miaka arobaini hivi, mwenye mikono mikubwa na aibu kubwa zaidi. Alikaa kwenye benchi mpaka wenzake wote wakaondoka. Aliniambia akiutazama ukuta.

"Nesi, nikilala na mzee, natoka damu. Na siku nyingine natoka tu, bila mzee."

"Tangu lini, mama?"

"Tangu mbegu za mwaka jana."

Alikubali kupanda kitandani baada ya Mama Yohani kuzungumza naye kwa lugha yao, akajifunika uso kwa khanga na kuniachia mengine yote. Niliona kidonda kidogo kwenye mlango wa kizazi, chekundu, kinachovuja kikiguswa. Nilizungusha kijiti, nikapaka kioo, nikakitumbukiza kwenye mtungi wa gongo. Harufu ikajaa chumbani. Kutoka chini ya khanga nikasikia sauti: "Nesi, kumbe nyie mnakunywa kazini?" Alicheka mpaka kitanda kikalia. Nami nilicheka, huku nikiandika "haraka" kwenye karatasi ya kioo chake.

Kioo kilikwenda hospitali ya rufaa na gari la mapadre wa misheni. Majibu yakakawia mno. Kila nikisikia injini nilitoka nje, na Mama Yohani akanifukuza kurudi ndani. Hatimaye likaja neno: kioo hakisomeki, chembe zimeharibika, chukueni kingine. Na spiriti ya kweli tafadhali. Nilitupa gongo iliyobaki kwenye shimo la taka, nikatuma mtu Sigino amwite Mama Bura siku hiyohiyo. Mtu akarudi peke yake.

"Haji. Ametengwa."

Sikuelewa, kwa kuwa mimi ni mtu wa kuja. Mama Yohani alinikalisha, jambo ambalo si rahisi, akanieleza. Kwa watu wa kwao, mwanamke akiharibu mimba, kifo kimepita katika mwili wake, na kifo hicho hakipaswi kuhamia kwa jirani. Kwa hiyo anakaa kwake. Haingii nyumba ya mtu, hachoti maji pamoja na wenzake, hashikani mkono na mtu, mpaka wazee waseme muda umekwisha. Inaweza kuwa miezi, inaweza kuwa zaidi. Wengi walikuwa wameanza kuacha, alisema, lakini si boma la Bibi Tekla, mama mkwe wa Mama Bura. Bibi Tekla alisali rozari kila jioni na mwiko akaushika vilevile, wala hakuona ugomvi kati ya mambo hayo mawili.

"Sasa nani kasema ameharibu mimba?" niliuliza.

"Alikosa siku zake. Halafu wiki chache zilizopita akatoka damu nyingi, ya mabonge. Bibi Tekla ameona mabonge. Wewe ungesema nini?"

Ningesema hivyohivyo, kama nisingekuwa nimekiona kile kidonda. Ndipo nikaona fundo lilivyofungwa. Damu ya ugonjwa ilikuwa imehesabiwa kuwa damu ya mimba. Kwa sababu ya damu hiyo asingeweza kuja kliniki, na bila kuja kliniki hakuna ambaye angethibitisha kuwa damu ni ya ugonjwa. Wakati huo wote kidonda hakikuwa kimetengwa na mtu yeyote. Kilikuwa kinaendelea na shughuli zake.

Nilisimama nikachukua ufunguo wa baiskeli.

"Unakwenda wapi?"

"Sigino. Nitamlaza hukohuko kwake."

"Kaa."

"Mama, kidonda kile kikiingia ndani zaidi, hakuna daktari atakayekigusa."

"Najua kuliko wewe. Huyo Bura mwanawe nilimpokea mimi." Hakuinua sauti. "Ukimshika leo, habari itafika Sigino yote kabla baiskeli yako haijageuka. Kesho ni mama gani pale atakubali mikono yako imtoe mtoto? Utamwokoa mmoja, na wengine watazalia shambani. Kaa, tufikiri."

Nilikaa nikitikisa mguu mpaka akanipiga goti. Nilikasirika, niwaambie ukweli. Niliukasirikia mwiko, nikamkasirikia Bibi Tekla, nikamkasirikia Mama Yohani kwa kutokasirika. Tungeweza kumpeleka hospitali ya rufaa bila majibu? Hakuna dereva ambaye angempakia mtu aliyetengwa, na wazee wasingemfungulia kwa dhana ya nesi mgeni. Walitaka kitu cha uhakika, na kusema kweli hata mimi ningekitaka.

Siku ya pili yake Mama Yohani alifungua kabati la chini, akatoa mrija wa kioo, mrefu kama kalamu, wenye mpira mwekundu wa kubonyeza mwishoni, kama ule wa dawa ya macho ila mkubwa. Aliniambia kwamba alipokuwa mwanafunzi, mwalimu wake mzee aliwaonyesha njia iliyotangulia vijiti. Nyuma kabisa ya uke, chini ya mlango wa kizazi, pana kidimbwi kidogo ambamo chembe zinazobanduka hujikusanya. Unabonyeza mpira, unaingiza mrija mpaka ukome, unaachia, unyevu unapanda. Njia hii haitoi chembe nzuri kama kijiti. Vidonda vichanga inaweza kuvikosa kabisa. Lakini saratani iliyokwisha fungua kidonda haijifichi, inadondosha chembe zake kila siku.

"Na hii," alisema, "haihitaji mkono wako. Inahitaji mkono wake."

Nikamkumbatia, akanisukuma.

Yeye alikwenda kwa wazee. Alijadiliana nao asubuhi nzima, akarudi na ruhusa: nisipite ua, nisimguse, na vyombo alivyoshika vikae kwanza juani juu ya jiwe kabla sijavichukua. Kazi yangu mimi ilikuwa kutafuta cha kugandishia chembe, kwa sababu spiriti haikuwepo Babati, Kondoa wala popote alipofika mtu niliyemjua. Tulikuwa tumebaki na jambo moja alilodokeza yule daktari wa rufaa akiwa anapanda gari, nusu kwa mzaha: kwamba wenzao nje, wakikwama, hupulizia kioo ile dawa ya kugandisha nywele za mabibi harusi, ambayo nayo ina spiriti kali na gundi inayofunika chembe zisikauke.

Bagara alikuwepo mwanamke msusi, Mama Rozi, mwenyeji wa Moshi, aliyewatengeneza mabibi harusi wote wa mjini na vijiji vyake. Ila wakati huo ulikuwa wa msako wa wahujumu uchumi. Watu walikuwa wamezika vitenge, wametupa redio chooni, na dawa ya nywele ilikuwa na njia moja tu ya kufika Babati, nayo ilipita mpakani bila kuaga. Nilimkuta amekaa mlangoni anachambua mchele. Aliponiona na sare nyeupe, mchele ukamponyoka.

"Shikamoo dada, natafuta dawa ya kupuliza nywele."

"Mimi sina kitu! Hapa tunasuka mabutu tu, kwa mikono! Nani amekutuma?"

"Ni ya mgonjwa."

"Mgonjwa wa nywele?"

Nilimweleza. Nilimweleza yote, maana sikuwa na muda wa kutunga uongo: mlango wa kizazi, kioo, chembe. Kadiri nilivyoeleza ndivyo macho yake yalivyozidi kunishuku, kwa kuwa hakuna mjumbe wa msako aliyewahi kuja na hadithi mbovu kiasi hicho. Nadhani hilo ndilo lililoniokoa. Aliingia ndani, nikasikia gunia la mahindi likimwagwa, akatoka na kopo refu la dhahabu amelifunga kwenye nepi.

"Ni la mwisho. Nina harusi Jumamosi. Umpulizie kidogo, urudishe." Kisha akaongeza, bila kunitazama, "Na mimi siku moja nije unitazame. Nina jambo kama hilo hilo." Alikuja, na kwake halikuwa kitu, ila hiyo ni habari nyingine.

Nilikwenda Sigino kwa baiskeli, mrija uliochemshwa ukiwa ndani ya kitambaa safi, vioo ndani ya kopo la maziwa, dawa ya nywele kifuani. Masika yalikuwa yameanza na baiskeli niliibeba zaidi ya ilivyonibeba. Boma la Mama Bura lilizungushiwa ua wa minyaa. Niliweka vitu juu ya jiwe penye uwazi, nikarudi nyuma. Yeye akatoka ndani. Alikuwa amekonda. Bibi Tekla alisimama upande wangu, mbali kidogo, mikono ameifunga kifuani, analinda mpaka.

Mama Bura akashika mrija, akaugeuzageuza.

"Sasa huu mpaka wapi, Nesi?"

Hili ndilo nataka Glory na wenzake walishike. Msimwambie mama "ingiza tu." Hajui umbo lake, hakuna aliyewahi kumwonyesha. Nilikunja ngumi ya mkono wa kushoto, nikaacha njia katikati ya vidole. "Hii ndiyo njia yako. Haiendi juu, inaelekea nyuma, kiunoni. Chuchumaa kama unavyokama ng'ombe. Bonyeza mpira kwanza, kabla hujaingiza. Ingiza taratibu mpaka ugote. Ukigota, achia mpira, hesabu pole pole, toa." Nilionyesha kwa kidole ndani ya ngumi, mara ya kwanza, ya pili. Bibi Tekla aligeuza uso, lakini sikio alituachia.

Mama Bura alikwenda nyuma ya nyumba. Nilisimama pale. Niwaambie, nimezalisha mapacha wakati taa imezimika, nimesubiri damu ya kuongezea ambayo haikufika, lakini kusimama nyuma ya ule ua bila kutumia mikono yangu kulinichosha kuliko vyote. Nilitaka kuruka. Nilisogea, Bibi Tekla akakohoa, nikarudi.

Akatoka ameshika mrija, una unyevu wa rangi ya kutu.

"Dondosha kwenye kioo! Tandaza kwa kioo kingine, wembamba, kama unapaka siagi. Haraka! Sasa kopo, puliza! Si karibu hivyo, urefu wa mkono! Puliza tena!"

Nilipiga kelele mpaka mbuzi wakakimbia. Alipuliza, ukungu ukamrudia usoni, akapiga chafya. Harufu ya saluni ikatanda Sigino, juu ya samadi na moshi wa kuni. Aliweka kioo kwenye jiwe, akanusa mikono yake.

"Nesi, nanukia kama bibi harusi."

Nadhani niliona Bibi Tekla anatabasamu, ila sitaapa.

Kopo nilirudisha Jumamosi asubuhi, na bibi harusi wa watu akang'aa bila kujua. Kioo kilisafiri na mapadre. Kisha tukasubiri tena, na mvua ikakata barabara, na petroli ikakosekana hata kwa watu wa Mungu. Sikuweza kula mchana. Nilichemsha vyombo vilivyokwisha chemshwa. Mama Yohani alinipa kazi ya kukata bandeji kutoka kwenye mashuka makuukuu, nikakata mpaka akaninyang'anya mkasi, maana nilikuwa nimehamia mashuka mazima.

Majibu yalikuja kwa redio ya upepo ya misheni, kwa kuwa yule daktari hakutaka kusubiri barabara. Tulisimama mimi na Mama Yohani mbele ya kile chombo kinachokoroma. Sauti ilikuja na kupotea. Chembe zimesomeka, alisema. Ni za saratani. Kwa maelezo mliyotuma, damu ile ni ya ugonjwa, sioni sababu ya kusema mimba. Kidonda bado kidogo? Nikapiga kelele kwamba ni kidogo. Basi mleteni wiki hii, nafasi ya upasuaji ninayo, wiki ijayo sina uhakika. Ova.

Sina subira ya kuwaweka roho juu: alipona. Alifanyiwa upasuaji, wakautoa mfuko wa uzazi, akarudi Sigino akalima mbaazi na kunigombeza kila nilipopita bila kuingia. Alizeeka. Nilikuwepo kwenye mazishi yake, na wajukuu walikuwa wengi kuliko viti. Wengine ambao nilichukua sampuli zao miaka ile hawakupona, na wengine hawakufika hata kuchukuliwa, na hao ndio wanaoniamsha alfajiri, si miguu peke yake. Kwa hiyo, Glory, unapompa mama kijiti na kumwonyesha pazia, usidhani ni njia ya mkato ya wavivu. Yupo mama ambaye hatapanda kitanda chako kwa sababu ya aibu, au mume, au mwiko, au kwa sababu tu kliniki nyingine ilimtendea vibaya. Njia inayopita mkononi mwake ndiyo pekee itakayomfikia.

Lakini nataka niwasimulie siku ya kumpelekea habari, kwa kuwa shuleni haikufundishwa.

Tulikwenda asubuhi, mimi na Mama Yohani. Barabara ilikuwa imepitika tena, lori la mahindi lilikuwa linaondoka kwenda Arusha saa nne, na dereva alikubali kumchukua kama wazee watasema hakuna mwiko. Mama Yohani akakaa na wazee na mume wa Mama Bura. Walizungumza kwa lugha yao, sikuelewa neno zaidi ya "hospitali." Nilizunguka ule mti waliokaa karibu nao mpaka mzee mmoja akaniomba, kwa Kiswahili, nisimame upande mmoja kwa sababu nampa kizunguzungu. Hatimaye wakatikisa vichwa kukubali. Haikuwa mimba, hakuna cha kutenga. Mama Yohani akanigeukia: "Nenda wewe umwambie. Wewe ndiye uliyechukua."

"Alichukua mwenyewe," nilisema.

"Nenda."

Nikapita ua kwa mara ya kwanza. Mama Bura alikuwa amekaa kwenye kigoda mlangoni, anapukuchua mahindi. Njia nzima nilikuwa nimepanga maneno. Nilijua nitakavyotaja saratani, nitakavyoeleza upasuaji, nitakavyosema kimewahiwa, nitakavyojibu akiniuliza kama atakufa. Nikachuchumaa mbele yake, nikaanza na lile nililodhani ni jepesi.

"Mama Bura, ile damu haikuwa ya mimba. Hukuharibu mimba."

Mikono yake ikasimama.

"Hapakuwa na mtoto?"

"Hapakuwa."

"Hata mdogo?"

"Hata mdogo, mama. Ni ugonjwa, na tumeuwahi, hospitali wanakungoja leo hii..."

Hakunisikia. Alikuwa anatazama punje kwenye mapaja yake kana kwamba kuna mtu amezimwaga pale.

"Nilishampa jina, Nesi," alisema. "Nimekaa humu peke yangu, sina wa kuongea naye. Nikaongea naye. Basi miezi yote hii nilikuwa namlilia nani?"

Lori lilikuwa limeshawashwa kule barabarani, nalisikia, na mimi ambaye sijawahi kukosa la kufanya nikabaki nimechuchumaa nikishika mahindi.

Kivuli kikapita juu yetu. Bibi Tekla alikuwa amevuka ua. Alinipita, akainama, akamshika mkwewe mkono juu ya kiwiko, akaushika kwa nguvu, kwa vidole vyote.

"Utamlilia njiani," alimwambia. "Nitamlilia na mimi. Inuka, mwanangu, twende."